Pompi ya Kurudisha Maji katika Matangi ya Samaki

Kwa wafugaji wa samaki wa Alunguli.

Kufuga samaki si kazi ngeni katika inchi yetu. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wa Kongo walifundishwa kuchimba mabwawa ya tilapia, na mwisho wa miaka ile hesabu ya mabwawa ilipita 100,000. Maji yaliingia kwa mfereji toka kijito, yakatoka upande wa chini, yakishuka yenyewe. Hata leo, mwenye kijito na mteremko afuate desturi ile. Asinunue pompi, maana mteremko hauombi esansi.

Lakini mwenye kulea watoto wa kambale katika tangi la simenti, mahali pasipo kijito, lazima atumie maji yale yale mara nyingi. Basi hujenga matangi mawili. Tangi la juu ni la samaki. Tangi la chini ni la kusafisha: uchafu hutulia, kisha maji hupita katika changarawe. Ndani ya changarawe wamo vidudu wasioonekana kwa macho, nao hugeuza sumu itokayo katika mavi na mkojo wa samaki. Pompi huyarudisha maji juu. Sasa tuseme namna ya kuiweka.

1. Mahali pa pompi

Weka pompi nje ya tangi la chini, kando ya ukuta, juu ya jiwe au simenti iliyo sawa. Mdomo wake uwe chini kuliko uso wa maji. Kwa sababu gani? Kwa sababu pompi ya namna hii haiwezi kuvuta hewa. Ikiwa chini ya uso wa maji, maji huingia yenyewe. Ikiwa juu, kila ikisimama yaweza kuwa tupu, na ikizunguka tupu huungua. Ijengee kibanda dhidi ya mvua. Ikiwa ni ya moteri ya esansi, moshi na mafuta yawe mbali na maji.

2. Bomba la kuvuta

Bomba hili liwe fupi, lenye kona chache, wala lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pompi. Lisiwe na nundu katikati, maana hewa hukaa pale. Mwanzo wake utie chujio pana. Tia robine moja ya kufunga wakati wa kutengeneza tu. Siku zote ikae wazi kabisa. Ukitaka kupunguza maji, usipunguze upande huu, punguza kwa robine ya upande wa kupandisha. Pande zote mbili tia kiungo kinachofunguliwa kwa mkono, upate kuondoa pompi bila kukata bomba.

3. Bomba la kupandisha

Kila metre ya kupanda hupunguza maji, na kila kona hupunguza tena. Hesabu kubwa iliyoandikwa juu ya pompi ni ya mahali pasipo kupanda. Basi usiiamini hesabu ile, pima mwenyewe. Chukua ndoo ya litre 20, uiweke mahali maji yatokapo juu, utazame saa. Ikijaa kwa sekonde 24, pompi yako yatoa litre 50 kwa dakika moja, ndiyo litre 3,000 kwa saa moja. Tangi la juu lenye urefu wa metre 3, upana wa metre 2 na kina cha santimetre 60 lina litre 3,600. Maji yake yatazunguka mara moja kwa saa moja na dakika 12.

4. Bomba la kushuka

Maji hupanda kwa nguvu ya pompi, lakini hushuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kushuka liwe nene kuliko la kupandisha. Weka na la pili, mdomo wake juu kidogo kuliko wa kwanza. Jani au chura akiziba la kwanza, la pili litaokoa samaki wasimwagike nje. Midomo yote uifunike kwa wavu.

5. Pompi ikisimama usiku

Hili ndilo jambo kubwa. Esansi ikiisha usiku, maji ya tangi la juu yatakwenda wapi? Yatarudi chini kwa bomba lile lile la kupandisha. Ikiwa mdomo wake umezama santimetre 10, litre 600 zitashuka. Tangi la chini lenye metre 2 kwa metre 1 na nusu litapanda santimetre 20. Likiwa limejaa, maji yatamwagika, na asubuhi pompi itakosa ya kuvuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wengine hutia kilango cha kuzuia maji kurudi. Ni kizuri, lakini punje ya mchanga hukiacha wazi. Basi fanya mambo mawili. Kwanza, acha santimetre 30 tupu katika tangi la chini. Pili, toboa tundu kama unene wa msumari katika bomba la kupandisha, santimetre 2 chini ya uso wa maji ya tangi la juu. Maji yakishuka hapo, hewa huingia na maji huacha kurudi. Safisha tundu kila juma.

Kisha simamisha pompi mchana, ukae, utazame mpaka maji yatulie. Usilale kabla ya kuona jambo hili kwa macho yako.

6. Mambo ya kushika

Ukiona povu jembamba likitoka juu, hewa inaingia katika viungo vya bomba la kuvuta, vikaze. Samaki wakipanda kuhema pompi ikiwa imesimama, punguza chakula, maana hata vidudu wa changarawe hutaka hewa.

Tena sisi wa Alunguli tuko ukingo wa kuume wa Lualaba, na katikati ya mji wa Kindu ni ng'ambo. Kipande kikivunjika usiku, mtumbwi haukungojei. Basi weka nyumbani mpira wa pompi, kiungo kimoja na gundi ya bomba. Vitu hivi ni vidogo, lakini tangi zima la samaki laweza kufa kwa kukosa kimoja.