Uhuru Uliopaa Angani Desemba 12

Pale Mulot, barabara ya Narok kwenda Bomet inapovuka mto Amala, simama wima kwenye uwazi tarehe 12 Desemba, yapata saa sita na nusu mchana. Kivuli chako kitalala kuelekea kaskazini, kifupi, hakifiki nusu ya kimo chako. Rudi mwaka ujao tarehe ileile, utakikuta palepale. Hiyo ndiyo maana ya tarehe kwa mtu wa sayansi: dunia imelizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kila sekunde, ikarudi karibu na pale ilipokuwa. Nasema karibu, kwa kuwa safari hiyo huchukua siku 365 na takriban robo, na robo hizo ndizo tunazozikusanya hadi ziwe Februari 29.

Sisi tunaijua tarehe hii kwa bendera. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi na ya Kenya ikapanda, naye mpanda milima Kisoi Munyao akaisimika nyingine juu ya Mlima Kenya. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyohiyo, nchi ikawa jamhuri, na Jomo Kenyatta akatoka uwaziri mkuu akawa rais. Hapo hapakuwa na sadfa. Siku ya pili ilichaguliwa ili ikae juu ya ya kwanza.

Lakini kuna Desemba 12 nyingine ambayo haitajwi sana kwenye hotuba za Jamhuri. Mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ya Scout ilirusha setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya Wamarekani. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba tangu ijitawale.

Kwa nini Malindi? Karibu na ikweta, ardhi yenyewe inakimbia kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, nayo roketi huondoka ikiwa tayari imebebwa na mwendo huo. Mbele yake ni bahari tupu. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi ambazo zingeivuruga mitambo yake.

Nayo mitambo hiyo ilihitaji utulivu. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa yetu huzimeza zote. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Kabla ya hapo wanasayansi walitegemea roketi ndogo zilizochungulia kwa dakika chache, kisha zikaanguka. Uhuru ilikaa zaidi ya miaka miwili ikilipitia anga lote, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339. Ilionyesha pia kuwa kimoja kati ya vyanzo hivyo, Cygnus X-1, kinapepesa ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wataalamu walipokuta nyota kubwa inayozungukana na mwenzake asiyeonekana, mwenye uzito wa kupindukia, wakawa wamepata ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba mashimo meusi, yasiyoachia hata mwanga, yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza sayansi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sadfa halisi ya tarehe hii ni ya Guglielmo Marconi. Desemba 12, 1901, huko Newfoundland, akiwa ameinua waya kwa tiara, alisema amesikia herufi S iliyotumwa kwa redio kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Wapo wanasayansi wanaotilia shaka kama aliisikia kweli.

Sadfa kama hii isitushangaze kupita kiasi. Chukua matatu ya abiria 14 ya Narok kwenda Bomet: uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ni kama 22 kwa 100. Wakiwa 23, unapita nusu, kwani watu 23 hufanya jozi 253. Katika darasa la watoto 50 ni 97 kwa 100. Ukitaka tarehe uliyoitaja mwenyewe, tuseme mtu aliyezaliwa Desemba 12, hesabu inakuwa ngumu: utahitaji watu 253 ndipo upite nusu. Historia ina matukio mengi mno, kwa hiyo kila ukurasa wa kalenda umejaa.

Ndiyo maana naithamini zaidi tarehe iliyounganishwa na watu kwa makusudi. Desemba 12 ijayo, jua likishatua, tazama kaskazini-magharibi, upande wa Bomet mjini. Nyota za kundi la Cygnus, kilipo chanzo kile cha Cygnus X-1, zitakuwa chini kidogo, zikielekea kuzama. Shimo lenyewe hutaliona, lakini liko upande huo. Walimu wa Mulot na Longisa, waonyesheni watoto sehemu hiyo ya anga, na muwaambie kwamba setilaiti iliyosaidia kulitambua shimo hilo iliondoka Kenya, ikiwa na jina la Kiswahili.