Bagamoyo Iuze Mabawa

Mteja anayenunua ndege ya kurusha kwenye kompyuta huanza kuikagua bawani. Likikaa kama ubao, nakshi zote za chumba cha rubani hazimtoshi. Na ana haki. Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, ina mabawa ya nyuzi za kaboni: mafuta yakijaa hulala kidogo ndege ikiwa chini, ikipaa ncha huinuka. Katika jaribio la Machi 2010, kabla ya abiria wa kwanza, Boeing waliyapinda mabawa ya aina hiyo kwenda juu takribani mita 7.6. Anayeliunda bawa hilo kwenye kompyuta hulitia mifupa ndani, kisha huifunga kila mfupa na hesabu za programu. X-Plane, kwa mfano, hukokotoa nguvu ya hewa kwa kuligawa bawa vipande vipande. Vibao vya ukingo wa nyuma navyo vishuke kwa kiwango alichochagua rubani bila kutoboa umbo linalopinda. Kazi inayochosha ni hiyo, na ndiyo yenye bei.

Nasema Bagamoyo inaweza kuishi kwa kazi hiyo, ila isijaribu kuuza ndege nzima. Mkono wa kuanzia upo: TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, inafundisha uchongaji, na anayejua kulisoma umbo kwenye mpingo hapati shida kubwa kulisoma kwenye kioo. Blender, programu ya kuundia maumbo, ni ya bure, na tangu 2002 msimbo wake uko wazi. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam 2009. Gharama inayobaki ni kompyuta yenye nguvu ya picha, mzigo kwa kijana mmoja, si kwa chuo.

Watasema soko limejaa. Kwa ndege nzima, ni kweli. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilikuja tayari na Cessna Caravan, aina ileile inayovusha watalii kwenda Zanzibar, na bawa lake lenye mhimili halipindi kiasi cha kumvutia mnunuzi. Kwa Boeing 737, PMDG, watengenezaji wa ndege za kompyuta, wametangulia kwa miaka mingi. Lakini ndege ya kompyuta haitengenezwi na mtu mmoja: sauti ina fundi wake, rangi wake, umbo wake. Watengenezaji wadogo wa Ulaya na Marekani huweza kuagiza kipande, na kipande kigumu ni bawa. Kwa kuuza kipande, suala la haki za jina la kiwanda hubaki kwa anayeuza ndege nzima.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mchongaji hajui bawa linavyofanya kazi. Hajui, na picha za mtandaoni hazitamfundisha. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kiko Dar es Salaam, safari ya kilomita 70 hivi, na kinafundisha mafundi wa matengenezo ya ndege. TaSUBa na NIT waanzishe kozi fupi ya pamoja, mtihani wake ukiwa bawa moja la Airbus A220. Jengo jipya halihitajiki. Wanahitaji chumba cha kompyuta, mhandisi wa ndege wa kufundisha, na mwanasheria wa kuisoma mikataba kabla vijana hawajaisaini.