Kamba ya Vitanzi Sita

Kamba yenyewe ni ya katani, nene kiasi cha kidole gumba, na ina vitanzi sita. Kutoka kitanzi hadi kitanzi ni hatua fupi ya mtu mzima. Mzee anayeitembeza huilaza ndani ya mkoba wa kitambaa, chini ya chupa ya maji na bahasha ya picha, na haitoi mpaka wageni wamemaliza kuupiga picha mlango wa nakshi wa Boma la Kale. Hapo ndipo huwaambia: "Haya wanangu, kila mtu ashike kitanzi chake. Tunavuka barabara."

Kuvuka Sokoine Drive ni kazi hata ukiwa peke yako. Sasa vukeni sita mlioungana. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mbele yangu aliona mwanya akachomoka, mimi nilikuwa bado naitazama bodaboda, na mama wa nyuma alikuwa amekataa kabisa kuondoka. Kamba ikakaza. Nikavutwa mbele, nikamvuta mama wa watu. Tulipofika ng'ambo tunahema, mzee akauliza nani kati yetu aliamua tuvuke. Hakuna aliyemjibu.

"Na hiyo mmeishika mkononi," akasema. "Wenzenu, wafungwa wa Mjerumani, ilikuwa chuma, ipo shingoni. Wanalala nayo. Mmoja akishikwa na haja usiku, wote wanaamka."

Ziara za kutembea mjini kati, Dar es Salaam, zipo za kutosha siku hizi. Wageni huanzia Boma la Kale, alilolijenga Sultani Majid mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa kasri lake, hupitia makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu, wakasimuliwa vigae na minara, kisha wakaenda kula. Mzee huyu, karani mstaafu wa kampuni ya ujenzi, mzaliwa wa Gerezani, hakutaka jina lake gazetini. Njia yake ni ileile. Anachokionyesha ndicho kilichonifanya nimfuate hadi Kariakoo na kuendelea kumfikiria baadaye.

Sheria iliyowatia watu mnyororoni inajulikana. Mjerumani alihamishia makao makuu yake hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Aprili 1896 Kansela wa Ujerumani akatia saini amri ya adhabu kwa wenyeji wa koloni. Iliruhusu faini, kifungo cha kazi ngumu, mnyororo, kiboko na kifo. Waarabu, Wahindi na wanawake hawakupaswa kuchapwa. Kwa waliobaki, viboko visizidi 25 kwa mara moja, navyo vyaweza kurudiwa baada ya wiki mbili. Ndiyo hamsa ishirini waliyotusimulia wazee wetu.

"Usidhani wote walikuwa wezi," mzee alisema, akitoa bahasha. "Mpagazi aliyetoroka safari, mnyororo. Kibarua aliyeacha kazi ya shamba kabla mkataba haujaisha, mnyororo. Boi aliyemjibu bwana wake vibaya, mnyororo au kiboko. Halafu asubuhi wanatolewa: kuchota maji, kufagia barabara, kubeba mawe. Serikali inapata vibarua, na askari mmoja anatosha kulinda watu wengi, kwa sababu wanalindana wenyewe."

Ndani ya bahasha mna nakala ya kadi ya posta ya enzi hizo. Wanaume wamesimama kwa safu, pete ya chuma shingoni mwa kila mmoja, mnyororo ukining'inia kutoka bega hadi bega. Pembeni yuko askari na bunduki. Niliishika kadi ile kwa muda mrefu. Mmoja wao, kijana kabisa, ameushikilia mnyororo kwa mkono wa kushoto kidogo mbele ya kifua, kama anayeupunguzia uzito. Mwenzake wa kulia amefanya hivyohivyo. Yawezekana walikuwa wamekwisha kuzoea kubebeana. Wa mwisho anaitazama kamera moja kwa moja, na sikuweza kuendelea kumtazama. Kadi za namna hii ziliuzwa. Mtu alinunua, akaandika salamu nyuma, akawatumia nyumbani kwao Ulaya.

"Majina yao?" nikauliza.

"Ungekuwa nayo ungenipa, mwandishi."

Tulipita bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, kivuli kizuri, ndege wengi. Mwanafunzi akataka kujua kama miti ile ilipandwa na wafungwa. Mzee alikataa kumpa jibu analolitaka. "Siwezi kukuonyesha mti nikasema huu ni wa mfungwa fulani, wala ukuta. Wapo mafundi waliolipwa, wapo vibarua, wapo waliofungwa, na wote walichanganyika. Nisichokubali ni kuambiwa mji huu ulijengwa na gavana."

Nilimuuliza kuhusu kamba, kwa kuwa ilikuwa inanisumbua. Je, ni haki watu waliolipa kiingilio wacheze unyonge wa marehemu, kisha wakanywe madafu? Hakukasirika. Alisema mwanzoni vitanzi vilikuwa vikubwa, na wageni wakivivaa shingoni. Siku moja bibi mmoja alikataa, akamwambia kitu kile hakiigizwi. Mzee akarudi nyumbani akavikata vitanzi, akavifunga upya viwe vya kiganja.

"Sijui kama nimepunguza vya kutosha," alisema. "Nikiiacha kamba, watu wananisikiliza kwa adabu halafu wanasahau. Nikiileta, wapo wanaocheka. Hata hao wanaocheka huwa najiuliza wanacheka nini."

Mimi mwenyewe bado sijaamua. Najua tu kwamba mkono wangu uliikumbuka ile kamba kuliko kichwa changu kilivyozikumbuka tarehe.

Kwenye Sanamu ya Askari hakukaa sana. Aliinyooshea kidole juu: askari wa mwaka 1927, bunduki mbele, peke yake. Nairobi, akasema, mpagazi naye amesimamishwa pamoja na askari. Halafu tukashika njia ya Mnazi Mmoja, uwanja uliotenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na mji wetu, tukaingia Kariakoo.

Huko, kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, hadithi inapata wenyewe wengine. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916, na jengo la soko ambalo Wajerumani hawakulimaliza likawa kituo cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hawa hawakuwa na hukumu ya korti. Wengi walikamatwa tu vijijini, na pande zote mbili za vita zilifanya hivyo. Upande wa Waingereza pekee, waliokufa na kuandikwa ni zaidi ya elfu 40, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Lililofuata, aliloliunda msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ndilo lililoungua Julai 2021.

Mama mmoja muuza dagaa alikuwa anasikiliza tangu tusimame. "Shikamoo mzee. Hao wapagazi walilipwa?"

"Marahaba mama. Waliahidiwa. Waliofia safarini, fedha za wengi wao hazikuwafikia jamaa zao."

Mama akaweka kopo lake chini. Kwao ni Masasi, alisema. Babu wa baba yake alichukuliwa wakati wa vita ile na hakurudi, na nyumbani hakuna kaburi lake. Akataka kujua kama kuna daftari la majina mahali popote. Mzee akamwelekeza kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Upanga, akamwandikia jina la ofisi kwenye karatasi ya kufungia, lakini akamtahadharisha kwamba wengine waliandikwa kwa jina moja tu, na wengine hawakuandikwa.

"Na mimi niliyeishia darasa la saba wataniruhusu kuingia?"

Mzee alisema anadhani wataruhusu, ila aende na barua ya serikali ya mtaa. Mama akauliza barua hiyo iseme anamtafuta nani, maana jina la huyo babu analijua la ukoo tu.