Barua ya Amerika na feza ya mbolea: namna timu za mpira za universite za Marekani zinachagua na kutayarisha wachezaji



Mimi ni agronome, si kocha. Kama leo naandika juu ya mpira wa universite za Marekani, ni juu ya barua moja iliyoingia nyumbani kwetu hapa Lubumbashi mwezi wa nane. Nasema wazi tangu mwanzo: barua hiyo ilikula dola 50 za Papa, na kidogo tu ingekula na 350 zingine.

Barua ilipita kwa WhatsApp ya mdogo wangu. Ana miaka 19, amepata Diplome d'Etat, na anacheza namba kumi katika timu ya kartie. Barua ilisema universite moja ya Marekani imemchagua katika "football team" yake, atapata bourse kamili, na ataanza mwezi wa kwanza. Ila mbele ya siku ya tano atume dola 400 za dosie kwa simu. Papa alikuwa ameshatuma 50 kama kitangulizi. Zile 350 zilizobaki zilikuwa feza ya mbolea na mbegu ya mahindi, kwa shamba letu la upande wa Kipushi.

Papa akaniita, akanipa telefone: "Weye njo ulisoma. Angalia hii karatasi, halafu kesho tunatuma."

Nilikaa usiku mbili nikisoma. Hapa naeleza nilichoelewa, juu najua hatuko sisi peke yetu tunaopata barua za namna hii.

1. "Football" ya Marekani si mpira wetu

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni picha iliyokuwa juu ya barua: watu wamevaa kofia ngumu na mabega makubwa ya plastiki. Mdogo wangu hajawahi kuvaa kofia hiyo hata siku moja. Kule Marekani, mpira wetu wa miguu wanauita "soka". Wakisema "football", ni mchezo mwingine: watu 11 kwa 11, mpira mrefu kama yai, unashikwa kwa mikono, na mtu anaangushwa kwa nguvu. Wale wanaosimama mstari wa mbele, wengi wao wana kilo 130 na zaidi. Mdogo wangu ana kilo 64.

Mchezo huo katika universite ni kitu kikubwa sana kule. Uwanja wa University of Michigan una viti 107,601. Chama kinachoongoza michezo ya universite kinaitwa NCAA, kilianza mwaka 1906. Kina ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, kundi la juu la football lina universite zaidi ya 130. Ngazi ya tatu haitoi bourse ya mchezo hata kidogo. Mtu akikuambia "bourse ya football" na jina la universite ni la ngazi ya tatu, umeshapata jibu.

2. Namna wanatayarisha timu mbele ya msimu

Msimu wao unaanza mwisho wa mwezi wa nane au mwanzo wa mwezi wa tisa. Lakini kazi inaanza mapema sana. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu wako katika sale ya vyuma, wanajenga nguvu. Kisha yanakuja mazoezi ya masika: sheria inawapa mazoezi 15 tu. Halafu mwezi wa nane ni kambi kubwa. Hapo kocha anapanga nani ni wa kwanza, nani ni wa pili katika kila nafasi.

Sisi wa agronomia tutaelewa kambi hiyo haraka. Mche ukitoka pepinieri hauupeleki moja kwa moja kwenye jua kali. Unaondoa kivuli polepole, unapunguza maji polepole, hadi uzoee. Na wao wanafanya vile kwa mtu. Siku za kwanza za kambi mchezaji anavaa kofia peke yake. Kisha anaongeza vya mabega. Mwisho njo anavaa vyote na kuanza kugongana. Zamani walikuwa wanafanya mazoezi mawili makali kwa siku moja. Tangu mwaka 2017 NCAA imekataza.

Sababu ni joto. Mwezi wa nane katika majimbo mengi ni joto kali, na yale mavazi yanafungia jasho. Mwaka 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa University of Maryland, alipatwa na joto la mwili katika mazoezi, na akafa karibu wiki mbili nyuma. Universite yenyewe ilikubali mbele ya watu kwamba haikumpoza namna ilivyopaswa. Kwa hiyo leo timu yenye mpango inapima kilo za mchezaji mbele na nyuma ya mazoezi, ili kujua amepoteza maji kiasi gani, na pembeni ya uwanja kunakaa beseni kubwa la maji ya barafu. Kanuni yao ni hii: mtu akipita digri 40 na akili ikianza kupotea, umpoze kwanza, ndani ya dakika 30, kisha umpeleke hospitali.

Nimeandika hayo kwa makusudi. Wengi kati yetu tunasimamia timu za vijana huku, na mwezi wa kumi kabla mvua haijashuka, jua la Katanga halicheki. Beseni na maji baridi haviombi bajeti ya Marekani.

3. Namna wanachagua wachezaji

Hapa njo moyo wa jambo. Kwao, kutafuta wachezaji ni kazi ya mwaka mzima, na ina kalendari.

Kwanza, wanamwona mtu akicheza. Kocha anaangalia video za mechi, anaenda kwenye shule za sekondari, anawaita vijana kwenye kambi za majaribio. Kuna makampuni yanayowapa vijana nyota, hadi tano. Hakuna kocha anayechagua mtu asiyemwona.

Pili, kuna siku ya kuanza kusema naye. Kwa football, kocha anaruhusiwa kumtumia kijana ujumbe kuanzia tarehe iliyowekwa na sheria, kijana akiwa bado sekondari (sekondari yao ni miaka minne). Kuna vipindi anavyokatazwa kabisa kuonana naye uso kwa uso.

Tatu, kijana anaalikwa kutembelea universite. Ile ziara rasmi inalipwa na universite. Tia hii akilini: feza inatoka kwao kwenda kwa mchezaji, si kinyume.

Ine, kusaini. Ahadi ya mdomo haifungi mtu, upande wowote. Kinachofunga ni karatasi ya bourse iliyosainiwa. Tangu mwaka 2017 kuna siku za kusaini mapema mwezi wa kumi na mbili, na zamani siku kubwa ilikuwa siku ya tatu ya kwanza ya mwezi wa pili.

Tena, siku hizi hawatafuti tu watoto wa sekondari. Tangu mwezi wa kumi 2018 kuna orodha kwenye intaneti ambamo mwanafunzi anayetaka kuhamia universite nyingine anaandika jina lake. Makocha wengi wanajaza nafasi zao hapo, juu wanapata mtu mwenye uzoefu. Kwa hiyo hata mtoto wa kwao wa sekondari, leo nafasi zake zimepungua. Sasa fikiri yule wa kwetu ambaye hajaonekana na mtu.

4. Feza inapita wapi

Miaka mingi, mchezaji wa universite alikuwa anapata masomo, chakula na kitanda, si mshahara. Katika kundi la juu, timu ya football ilikuwa na bourse 85, basi. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2021, mchezaji anaweza kulipwa na makampuni yanayotumia jina na picha yake. Na kisha, mwezi wa sita 2025, jaji alipitisha mapatano yanayoruhusu universite yenyewe kuwagawia wachezaji wake wote karibu milioni 20.5 za dola katika mwaka wa kwanza. Badala ya kuhesabu bourse, sasa wanahesabu watu: football hadi 105, soka ya wanaume hadi 28, kwa universite zilizoingia katika mapatano.

Ona basi: timu inayogawa mamilioni, itakuja kutafuta dola 400 za Papa wa Kipushi kwa nini?

5. Wetu waliopita

Sisemi kwamba mlango umefungwa. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974. Wazazi walimpeleka Kanada akiwa mtoto, akajifunza football kule, akacheza chuo cha Vanier cha Montréal, kisha University of Michigan. Mwaka 1995 alikimbia na mpira yadi 313, karibu metre 286, katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Mwaka uliofuata akachaguliwa wa 8 katika nchi nzima kuingia kwa waliolipwa.

Na Dikembe Mutombo, ambaye wote tunamjua. Yeye alifika Georgetown mwaka 1987 na bourse ya masomo, alitaka kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakucheza katika timu ya universite. Basketi ilikuja nyuma. Mwaka 1991 akamaliza na diplome ya lugha na diplomasia. Masomo yalimfikisha, mchezo ukafuata.

6. Namna ya kupima barua

Asubuhi ya pili nilikaa na Papa na mdogo wangu kwenye meza, tukapima barua jambo kwa jambo. Mfanye hivyo na nyinyi:

Ni kocha gani alikuona ukicheza, wapi, lini? Kwetu: hakuna.

Barua pepe inatoka kwenye adresi ya universite, au ni ya bure kama ile mimi na weye tuko nayo? Kwetu: ya bure.

Waliuliza bulletins zako? Kwa ngazi ya kwanza na ya pili, mchezaji lazima apite kwenye ofisi ya NCAA inayopima masomo yake ya sekondari. Bulletins zinatumwa, na zikiwa kwa lugha nyingine zinatafsiriwa. Mtu anajiandikisha yeye mwenyewe kwenye tovuti yao, na analipa pale pale, si kwa simu ya mtu. Kwetu: hawakuuliza hata pointi za mwaka wa sita.

Waliuliza Kiingereza? Universite nyingi zinaomba tesi. Mdogo wangu anasema Kiswahili na Kifaransa. Hakuna aliyemuuliza.

Wamesema juu ya karatasi I-20? Hiyo njo universite inampa mgeni aliyekubaliwa, na bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi kwenye ambasade kule Kinshasa. Viza inalipiwa, ndiyo, lakini malipo yanaenda kwa serikali ya Marekani, si kwa "kocha".

Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Yaya, basi weye haupendi niende." Neno hilo liliniumiza. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu nyumbani. Mwaka niliomaliza lisansi, mimi pia nilituma dola 30 kwa mtu aliyesema ni za "tesi ya kazi" katika mradi wa kilimo. Tesi haikuweko, na mradi sikuuona. Nilikuwa na diplome mkononi, lakini nilikuwa nimechoka kungoja. Mtu aliyechoka kungoja hapimi. Wezi wanajua hilo kuliko sisi.

Papa hakusema kitu. Alichukua zile 350, akaziweka mfukoni, na tukaenda pamoja kununua NPK na urea. Zile 50 zimekwenda. Namba ile haijibu tena.

Mdogo wangu alinikasirikia wiki mbili. Sasa ameanza kusoma Kiingereza jioni, na rafiki yake anamrekodi kwenye mechi za siku ya mungu. Soka ya universite za Marekani inachukua wageni wengi, hilo ni kweli, na bulletins zake si mbaya. Tumeanza kuangalia pamoja tovuti za universite zenyewe, moja moja. Labda itachukua miaka miwili, labda haitatoka. Hajalipa mtu yeyote.

Kama uko na mdogo nyumbani anayecheza, soma naye maswali hayo mbele barua haijafika. Ikishafika, na wazazi wakishaanza kuhesabu feza, inakuwa vigumu sana kusikilizana.