Stesheni ya Abikocho na Vigae vya Manjano

Japani ni nchi ya visiwa, yenye watu takriban milioni 124, na kwa kuwa milima imeshika sehemu kubwa ya ardhi yake, umati wa watu umesongamana katika nyanda za pwani. Reli yao ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1872 baina ya Tokyo na Yokohama, na njia zao nyingi zina upana wa milimita 1,067, sawasawa na reli yetu ya TAZARA.

Hayo yatosha, kwani moyo wangu umebaki Abikocho, stesheni ya kitongoji kusini mwa jiji la Osaka, katika njia ya Hanwa iendayo Wakayama. Kwa sura haina fahari: reli imeinuliwa juu ya nguzo, na asubuhi wafanyakazi na wanafunzi hujipanga kimya penye alama zilizochorwa sakafuni, na mlango wa behewa ukaja kusimama papo hapo. Ajabu yake iko chini ya nyayo, maana hapa ndipo, mwaka 1970, vilipotandikwa kwa mara ya kwanza katika stesheni ya reli vile vigae vya manjano vinavyomwongoza asiyeona.

Kigae chenye mistari humwambia mwenye fimbo nyeupe aendelee. Chenye vijinundu humtahadharisha asimame, kwani mbele yake pana ngazi, njia panda au ukingo wa jukwaa. Rangi ya manjano nayo ina hikima yake, kwa kuwa wengi wenye uoni hafifu huitambua. Aliyevibuni, mwaka 1965, hakuwa waziri wala mhandisi wa serikali, bali Seiichi Miyake, mwenye nyumba ya wageni mjini Okayama, aliyetumia mali yake mwenyewe; na tarehe 18 Machi 1967 vikawekwa barabarani karibu na shule ya wasioona ya mji huo.

Wala haikuwa rahisi vigae hivyo kuenea. Mwaka 1973, katika stesheni ya Takadanobaba mjini Tokyo, mtu asiyeona alianguka kutoka jukwaa lisilo na vigae, akafa. Wazee wake wakalishitaki shirika la reli la taifa, na shauri likaisha kwa suluhu mwaka 1986. Baadaye ukaongezwa mstari mmoja upande wa ndani wa vijinundu, ili mtu ajue kwa unyayo wake ni upande upi wenye salama na upi wenye reli. Insafu iliyoje, kumfikiria mja hata kwa upana wa kidole!

Nasi huku Tanzania tuna shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, tangu mwaka 1950. Twawafundisha watoto nukta nundu, kisha twawatoa mlangoni kukabili mitaro isiyofunikwa na njia za miguu zilizozibwa kwa magari na meza za biashara. Umaskini si udhuru, maana kigae ni saruji na kalibu, na mafundi tunao. Basi enyi wahandisi wa manispaa, kabla ya kumwaga zege la kituo kingine, mwiteni kwanza asiyeona aipite njia ya kituo hicho, mmsikilize.