Tesla ya shaba na njia ya kwenda Manono

Mtoto aliyekulia Lubumbashi, Kigoma au Tabora hahitaji kufundishwa kuunda gari la kuchezea la waya. Waya unakunjwa kuwa fremu. Viungo vinafungwa kwa waya mwembamba na kukazwa kwa koleo, au kwa meno kama koleo halipo. Magurudumu yanakatwa kwenye ndala iliyochoka. Mwisho unapachikwa ufito mrefu wenye usukani, na dereva anakimbia nyuma ya gari lake akinguruma kwa mdomo.

Mwaka 2019 wasanii wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ulaya waliuchukua ufundi huo wakatengeneza gari la ukubwa kamili. Waya waliotumia ni wa shaba, uliokwisha kufanya kazi kwingine, na gari waliloiga ni Tesla. Kazi hiyo wakaiita Tesla Crash, A Speculation. Tangu nilipoziona picha zake sijaacha kuzirudia. Bodi nzima ni mistari, jicho linaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Gari la dukani huficha tumbo lake kwa rangi na vioo. Hili limebaki utumbo mtupu, na utumbo wenyewe ni shaba, madini ambayo Katanga imeyapakia kwenye mabehewa kwa zaidi ya miaka mia moja huku mitaa yake ikikatiwa umeme.

Mmoja wa walioliunda ni Jean Katambayi Mukendi, mzaliwa wa mwaka 1974, mkazi wa Lubumbashi. Kabla ya kuitwa msanii alisomea umeme, na hajauacha. Hutengeneza mashine za kadibodi zenye nyaya na hesabu za kweli ndani yake. Huchora balbu kubwa kwa mkono, mstari juu ya mstari, kwa subira ya mshona mkeka, na mfululizo huo wa michoro anauita Afrolampes. Ukimfuata kutoka kazi hadi kazi unaisikia hoja moja ikirudi: nani anatoa nguvu, nani anaitumia, na kwa nini hesabu ya hao wawili hailingani kamwe. Hatoi hotuba. Anafanya kama fundi wa mtaani anayefungua redio mbele ya mwenyewe ili aone kwa macho yake pale ilipoungua.

Gari hilo halikutoka hewani. Ni tunda la mradi wa On-Trade-Off, ulioanza mwaka 2018 kati ya Picha, kituo cha sanaa cha Lubumbashi, na Enough Room for Space, chama cha wasanii chenye makao Brussels. Picha ndiyo nyumba iliyozaa tamasha la sanaa la kila miaka miwili la Lubumbashi, lililoanza mwaka 2008 na waanzilishi kama mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza. Sehemu ya gharama za mradi ilibebwa na fedha za umma za utamaduni za Ulaya. Somo lake kuu lilikuwa lithiamu ya Manono.

Manono haihitaji utambulisho mrefu. Ni mji wa machimbo ya bati ya kampuni ya Géomines, uliopata umeme wake kutoka Piana-Mwanga kwenye mto Luvua, kisha vita vikaunyamazisha. Leo unatajwa kwa jiwe lake lenye lithiamu, ambalo kampuni za AVZ ya Australia na Zijin ya China zimevutana kisheria juu ya nani mwenye haki ya kulichimba. Betri za magari ya umeme zinaihitaji lithiamu. Usiku wa Manono nao unauhitaji umeme.

Nikirudi kwenye fedha zilizoubeba mradi huo, ruzuku za namna hiyo ndizo zinazonikwaza. Kwa kawaida mfadhili wa Ulaya hamtumii hundi moja kwa moja msanii wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Anataka chama kilichosajiliwa, akaunti ya benki, bajeti yenye safu zake na ripoti ya matumizi. Anataka pia barua ya mwandaaji wa maonyesho anayeahidi ukumbi, na mwandaaji naye anauliza kwanza kama fedha zipo. Ndiyo maana ushirika kati ya msanii na mwenye jukwaa una thamani: mmoja ana wazo, mwingine ana muhuri. Bila Picha kusimama katikati, waya ule pengine ungebaki kwa muuza vyuma chakavu, ambaye, tukumbuke, hatoi risiti.

Lakini mwenye muhuri ndiye mwenye kalamu. Andiko la kuomba fedha huandikwa kwa lugha ya mfadhili na kwa kalenda yake, na mtu anayejua kukunja shaba analazimika kujifunza kukunja maneno. Ruzuku ikiisha, kodi ya nyumba haiishi. Na kazi ikimalizika ni ya nani: waliokunja waya, waliokodi ukumbi, au waliolipa?

Kongo yenyewe ina Mfuko wa Kukuza Utamaduni, unaokusanya tozo, zikiwemo za viwanda vya bia. Kwa hiyo kila chupa inayofunguliwa Kalemie, mji wa kando ya ziwa Tanganyika, ina senti yake ya sanaa, kwenye karatasi walau. Wasanii wamelalamika kwa miaka kwamba senti hizo haziwafikii. Zingewafikia, pengine Lubumbashi na Kalemie zingeandikiana maandiko zenyewe, bila kupitia Brussels.

Tesla ya shaba ilionyeshwa Lubumbashi, baadaye ikaonekana Amsterdam katika ukumbi wa Framer Framed. Kutoka Lubumbashi hadi Manono ni takriban kilomita 500 kuelekea kaskazini kwa mstari ulionyooka, na ubaya wa barabara yake wakati wa mvua unajulikana. Katika bajeti za ushirika kama huu, tiketi ya ndege na bima ya makumbusho zina safu zake tangu zamani. Lori la kupeleka kazi kwa watu ambao jiwe lao ndilo lililoizaa, dizeli yake, na posho ya kijana wa Manono atakayesimama kando ya gari kulieleza, nani ataviandika? Na akiviandika, je, kuna mfadhili atakayekubali kwamba Manono nayo ni ukumbi?