Shamba bado halina hati, lakini usingizi umerudi

Kwa sisi tuliorudi Burundi kutoka Tanzania, wasiwasi mkubwa una jina moja: itongo, yaani ardhi ya ukoo. Wazee wetu walikimbia mwaka 1972 wakaacha michikichi na migomba. Watoto wao tulizaliwa na kusomeshwa ugenini, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania ilipowapa wakimbizi hao nafasi ya kuchagua kati ya uraia na kurudi, zaidi ya watu 50,000 walirudi, wengi wao kuanzia mwaka 2008. Mimi na marehemu baba tulikuwamo.

Huko Nyanza-Lac tulikuta familia nyingine shambani. Hawakuwa wezi. Walipewa eneo hilo na wakubwa wa zamani, wakazaa na kuzika pale. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 nayo ilimpa nguvu mtu aliyekaa mahali kwa miaka 30 bila kupingwa. Nani angepinga akiwa Katumba?

Miezi ile nililala saa mbili tu kwa usiku. Mchana nilitakiwa kufundisha kwa Kifaransa, mimi niliyesoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Usiku nilihesabu: kesi, karo, mvua, maneno ya majirani. Kichwa kilikuwa kama soko la Jumamosi.

Baba alikuwa na shamba lile lile la kupoteza, naye alilala. Kila jioni alisali kwa sauti, na watu wa kwanza kuwataja walikuwa wale waliokaa kwenye ardhi yetu. Aliwaombea afya na mavuno, jina kwa jina. Ndipo alipomwambia Mungu shida yake, bila kuipunguza. Nilikasirika. Nilimuuliza, “Baba, unawaombea hawa?” Akanijibu, “Mwanangu, nikiwachukia sitalala, na wao watalala.”

Asubuhi alikwenda kuwasalimia. Hilo ndilo watu hulisahau wanapozungumza habari za kumtegemea Mungu. Mzee hakukaa nyumbani kungoja muujiza. Alipeleka malalamiko kwenye tume ya ardhi, akatafuta mashahidi waliokumbuka mipaka, kisha akamwachia Mungu yale ambayo miguu yake haikuweza kuyafikia. Jirani zetu Waislamu huita jambo hilo kutawakali, nao pia huanza kwa kufanya kazi. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya kuacha kujisumbua akiwa mwenyewe kifungoni. Hakungoja afunguliwe kwanza ndipo apate amani.

(Wapo siku hizi wanaouza chupa za maji na mafuta ya “kufungua milango”. Mwenye kesi ya ardhi anatoa fedha ya nauli ya shahidi, anabaki na chupa. Sioni imani hapo, naona biashara.)

Wafanyabiashara wa mpakani wanayajua haya kuliko mimi. Mipaka ya nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda ilipofungwa Januari 2024, dada mmoja tunayesali naye alikuwa na deni la mzigo uliokuwa umekwama. Alikuja kwenye sala na daftari. Tulisali, kisha akatusomea majina ya wanaomdai. Kesho yake alianza kuwatembelea mmoja mmoja kuomba muda, kabla hawajamfuata. Baadaye aligeukia njia ya Mugina na Manyovu, akauza mawese upande wa Kigoma. Deni hakulimaliza haraka. Aliniambia, “Mwalimu, mzigo wa moyoni niliutua siku ile ya daftari, ule wa dukani ukafuata polepole.”

Mimi nami nilianza kuandika. Upande mmoja wa karatasi ni kazi za kesho: kumwona mzee fulani wa kilima, kujifunza maneno kumi ya Kifaransa. Upande wa pili ni yale nisiyoyaweza, na hayo ndiyo ninayoyasali. Zipo siku wasiwasi unarudi saa nane za usiku. Nasoma tena upande wa pili, nalala.

Mwaka 2011, mbele ya wazee wa kilima, familia zetu mbili zilikubali kugawana shamba nusu kwa nusu. Baba alifariki mwaka 2016 bila kuona hati, na mpaka leo haijatoka. Mazishini, jeneza lake lilibebwa na vijana wa ile familia aliyoiombea, na mwaka huu tumekamua mawese pamoja, kwenye pipa lao.